Barafu ya Greenland inayahusu nini makaburi ya Kilwa?

Makala hii imetokana na swali moja nililoulizwa na ami yangu Kilwa Kivinje, ambalo siku ile nilishindwa kulijibu. Nililibeba mpaka Mbagala, nikalisoma, nikawauliza wanaojua, na leo najaribu kulijibu mbele yenu, kwa sababu nina hakika wako wengi wenye ami kama wangu.

Ilikuwa Idd el Hajj ya Juni 2024. Tulikwenda kusini familia nzima. Pale Somanga gari lilipita polepole, mahali ambapo mwanzoni mwa Mei barabara ilikatwa na maji baada ya mvua za kimbunga Hidaya, na watu wa Lindi na Mtwara wakakosa njia ya pwani ya kuja Dar es Salaam. Hidaya, kwa Kiswahili chetu, ni zawadi. Jina zuri kwa jambo zito.

Tulipofika tukakuta ukuta wa nyumba ya ami unaotazama bahari umelala chini. Nyumba ni ya udongo na boriti, aliijenga babu. Hilo halikunishtua sana, kwani nyumba ya udongo huanguka na ikasimamishwa. Kilichonishtua ni makaburi. Wazee wetu wamezikwa ubavuni mwa ile nyumba, babu na bibi na wengine kabla yao. Nilipokuwa mtoto tulikuwa tukicheza mpira kati ya makaburi yale na ufuko, na tulikuwa timu mbili kamili. Safari hii nilihesabu kutoka kaburi la mwisho mpaka ukingo unaomegwa na maji: hatua kumi na nne.

Nikamwambia, "Ami, hapa pa kuhama. Bahari inapanda, barafu za ncha ya dunia zinayeyuka." Akanitazama, akasema, "Mwanangu, mimi barafu nimeiona kwenye ndoo ya samaki tu. Hiyo ya huko kwa Wazungu inanihusu nini? Na bahari tangu nabii Adam inajaa na kupwa." Baraza zima likacheka, na mimi nikacheka nao. Lakini swali lilikuwa zito, na mwenye kulicheka zaidi alikuwa mimi niliyekuwa sina jibu.

Bilauri ya juisi

Hebu tuanze na jambo ambalo hata sisi tunaojiita wasomi tunalikosea. Ramadhani ya mwaka 2025, wakati wa futari, nilichukua bilauri ya juisi ya ukwaju, nikatia vipande vya barafu, kisha nikajaza juisi mpaka ukingoni. Nikawauliza watoto: barafu ikiyeyuka, juisi itamwagika? Wote wakasema itamwagika. Tukala, tukasali, tukarudi. Haikumwagika hata tone. Barafu inayoelea tayari imeshachukua nafasi yake ndani ya maji. Ikiyeyuka inaijaza nafasi ile ile.

Ndivyo ilivyo barafu ya Ncha ya Kaskazini. Pale katikati hakuna nchi kavu, ni bahari iliyoganda juu. Barafu ile imepungua sana; mwezi Septemba 2012 ilishuka mpaka kama kilometa za mraba milioni 3.4, kiwango kidogo kuliko chochote kilichopata kupimwa kwa setilaiti. Ni hasara kubwa kwa dunia, kwa sababu weupe wake hurudisha mwanga wa jua angani, na ikiondoka bahari nyeusi hulimeza joto. Lakini kuyeyuka kwake kwenyewe hakuongezi kina cha maji Kivinje. Mwenye kusema hivyo amekosea, na ami ana haki ya kumcheka.

Barafu inayoongeza maji ni ile iliyokaa juu ya nchi kavu. Ukishika kipande nje ya bilauri na kukiacha kiyeyukie ndani, hapo juisi itamwagika. Greenland ni kisiwa ambacho barafu yake imefunika eneo karibu mara mbili ya Tanzania, na sehemu za katikati unene wake unazidi kilometa 3. Yote ikiyeyuka, bahari za dunia zitapanda kiasi cha mita 7. Bara la Antaktika, huko kusini kabisa, lina barafu ya kutosha kupandisha bahari mita 58. Haitayeyuka yote kesho wala kizazi kijacho, tusitishane. Lakini Greenland imekuwa ikipoteza wastani wa zaidi ya tani bilioni 200 za barafu kwa mwaka tangu mwanzoni mwa karne hii, na maji hayo hayana pa kwenda isipokuwa baharini.

Sababu ya pili ni sufuria. Jaza sufuria maji mpaka ukingoni, iweke jikoni, utaona inaanza kumwagika kabla hata haijachemka. Maji yakipata joto hutanuka. Bahari imemeza zaidi ya asilimia 90 ya joto la ziada ambalo dunia imelipata kutokana na hewa ya ukaa tunayoitoa kwa kuchoma mafuta, makaa ya mawe na gesi. Kabla ya viwanda, katika kila chembe milioni za hewa ya ukaa zilikuwa 280 hivi. Sasa zimepita 420. Tunaishi chini ya blanketi ambalo kila mwaka linaongezwa unene.

Kwa sababu hizo mbili, kati ya mwaka 1901 na 2018 bahari za dunia zilipanda wastani wa sentimeta 20. Na mwendo unaongezeka: kati ya 2006 na 2018 ulikuwa kama milimita 3.7 kwa mwaka, na kipindi hicho barafu za nchi kavu zilichangia zaidi kuliko kutanuka kwa maji.

Sasa sikiliza jambo ambalo mimi mwenyewe nilipolisoma mara ya kwanza nililirudia mara tatu. Barafu ya Greenland ni nzito mno kiasi kwamba inayavuta maji ya bahari kuelekea kwake, kama mwezi unavyoyavuta maji kwetu. Barafu ikipungua, mvuto unapungua, na maji yaliyokuwa yamekusanyika kuizunguka yanaachiwa, yanakwenda mbali. Kwa hiyo Greenland ikiyeyuka, ufukweni kwa Greenland yenyewe bahari inashuka! Inapopanda zaidi ya wastani ni huku mbali, nchi za joto, karibu na ikweta. Yaani Kilwa.

Hilo ndilo jibu la kwanza la ami. Barafu ya kwa Wazungu inamhusu yeye kuliko inavyomhusu mvuvi wa huko huko Greenland, kwa upande wa kina cha maji.

"Sentimeta 20 ni shibiri moja"

Nilipompigia simu nikamweleza, ami hakukubali kirahisi. Ni mvuvi mstaafu, anaijua bahari kwa mwezi mwandamo. Akasema sentimeta 20 ni shibiri moja, na bamvua la Kivinje hupanda kupita kimo cha mtu. Shibiri ni nini mbele ya bamvua?

Hoja nzuri. Kila Muislamu wa pwani anajua kwamba mwezi ukiandama na mwezi ukiwa mpevu maji hujaa sana na kupwa sana, na katikati ni maji mafu. Katika pwani yetu tofauti ya maji kujaa na kupwa wakati wa bamvua ni mita 3 na zaidi. Lakini ile shibiri haipotei ndani ya mita 3. Inakaa juu yake. Mahali ambapo zamani maji yalifika mara moja kwa mwaka, kwenye bamvua kubwa lenye upepo, sasa yanafika mara kadhaa. Na pwani ya Kivinje ni tambarare. Kwenye ufuko wenye mteremko mdogo, shibiri moja ya kwenda juu inaweza kuwa hatua nyingi za kuingia ndani. Tena kila wimbi linalofika juu huchukua mchanga wake na kuondoka nao.

Akanyamaza kidogo, kisha akasema kisima cha nyumba ya jirani kimeanza kuwa na chumvi. Hilo nalo limo, ingawa visima huingia chumvi pia kwa kuchotwa kupita kiasi.

Kuhusu Hidaya nataka niwe mwangalifu, maana baadhi yetu kila kimbunga tunakipachika tabianchi. Vimbunga havifiki kwetu mara nyingi kwa sababu tuko karibu mno na ikweta, lakini vimewahi kufika. Wazee wa Lindi wanakumbuka kile cha Aprili 1952. Zanzibar ilipigwa mwaka 1872 na mikarafuu ikaanguka. Wakati huo hewa ya ukaa haikuwa hivi. Aprili 2019 kimbunga Kenneth kilitua Cabo Delgado, jirani kabisa, baada ya watu wa Mtwara na Lindi kuonywa wajiandae. Mei 2024 Hidaya ilikuja ikapita Mafia. Siwezi kusema kimoja kati ya hivi kimeletwa na barafu iliyoyeyuka. Ninachoweza kusema ni kwamba kimbunga chakula chake ni maji ya bahari yenye joto, na sisi tunaongeza chakula. Na kimbunga kikija, kinakuta bahari iko juu shibiri moja zaidi.

Yetu wenyewe

Hapa ndipo ami aliponipata, na lazima niseme ukweli. Akasema, "Basi kama ni barafu, sisi hatuna kosa."

Tunalo. Mbele ya nyumba ile, nilipokuwa mdogo, kulikuwa na mikoko. Ilikuwa mililana upande wa maji, nyuma yake mikoko yenyewe na mikandaa, na michu. Imekwenda wapi? Sehemu imekuwa boriti. Biashara ya boriti ni ya karne nyingi. Majahazi yalizichukua kutoka pwani yetu mpaka Uarabuni, na nyumba nyingi za Ghuba zilifunikwa kwa miti ya kwetu. Ami mwenyewe alikata, na ile nyumba iliyoanguka inazo. Sehemu nyingine ya mikoko ya Kilwa na Lindi imefyekwa kwa mashamba ya chumvi, na nyingine imekuwa kuni za kuchomea chokaa. Na chokaa ile ilichomwa kutokana na nini? Matumbawe.

Kisha ikaja baruti. Kwa miaka mingi pwani ya kusini ilikuwa mashuhuri kwa milipuko. Unakaa barazani unasikia mshindo, na kila mtu anajifanya hakusikia. Baruti moja huua samaki wa siku moja na kuvunja mwamba uliojengwa kwa mamia ya miaka. Mwamba wa matumbawe ndio ukuta wetu wa kwanza. Wimbi kubwa huvunjikia huko na kufika ufukoni limechoka. Mikoko ni ukuta wa pili. Tumeibomoa kuta zote mbili kwa mikono yetu, kisha tunauliza kwa nini bahari imeingia uani.

Matumbawe nayo yamepigwa na joto. Mwaka 1998 maji ya Bahari ya Hindi yalipata joto lisilo la kawaida, na miamba mingi, ikiwemo ya Mafia, ilipauka ikawa meupe kama mifupa. Tumbawe linaishi kwa vimelea vidogo vyenye rangi vilivyo ndani yake, ambavyo humlisha. Joto likizidi humtoka, na yasiporudi mapema hufa kwa njaa. Ilijirudia mwaka 2016, na tena mwaka 2024 dunia nzima. Mwamba uliovunjwa na baruti na kisha ukapauka, kupona kwake ni shida. Na mwamba ukifa pweza anakosa pango. Waulize akina mama na vijana wa Songo Songo, ambao wakati wa bamvua, maji yakitoka, hushuka mwambani na vijiti vyao, watakuambia pweza ni ada ya shule na dawa ya mtoto. Wakulima wa mwani nao wana kilio chao. Aina ya mwani yenye bei nzuri ndiyo inayooza maji yakipata joto; inayostahimili ndiyo yenye bei ndogo.

Kwa hiyo kosa ni la wengi, lakini si sawa kwa sawa. Afrika nzima inatoa kiasi cha asilimia 4 tu ya hewa ya ukaa ya dunia. Waliofunika blanketi ni Ulaya na Marekani kwa zaidi ya karne moja, kisha China, na ndugu zetu wa Ghuba kwa mafuta yao. Agosti 2015 wanazuoni na wataalamu wa Kiislamu walikutana Istanbul wakatoa tamko, na kwa haki kabisa hawakuwaficha hao: waliyataka mataifa tajiri na yanayotoa mafuta yatangulie kuacha. Sijui hotuba ngapi za Ijumaa mjini hapa zililitaja tamko hilo. Mimi sikuisikia hata moja. Mwaka 2022, Sharm el-Sheikh, mataifa yalikubaliana kuwe na mfuko wa kuwafidia wanaopata hasara, na mwaka 2023, Dubai, ukaanzishwa rasmi. Kivinje bado hatujaonana nao.

Na sisi tuna gesi. Ile ya Songo Songo, iliyogunduliwa mwaka 1974, imekuwa ikiletwa Dar es Salaam kwa bomba tangu 2004 kuzalisha umeme, na mradi mkubwa wa kusindika gesi umezungumzwa kwa miaka mingi kwamba utajengwa Likong'o, Lindi. Wapo wanaosema tuiache ardhini. Mimi sisemi hivyo. Mtu anayesomea kwa kibatari huwezi kumwambia azime taa. Ila nasema kisiwa ambacho gesi yake inawasha taa zetu kina haki ya kudai kuta zake zijengwe.

Inawezekana kujenga. Kilwa Kisiwani, mji ambao Ibn Battuta aliufikia mwaka 1331 na kusifu uchamungu wa watu wake, uliingizwa katika urithi wa dunia mwaka 1981, na mwaka 2004 ukatajwa kuwa urithi ulio hatarini. Bahari ilikuwa inaila sehemu ya Gereza na fukwe zake. Zikafanyika kazi za ukarabati na za kuzuia mmomonyoko, na mwaka 2014 ukatolewa katika orodha ya hatari. Misali, kule Pemba, tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 masheikh walishirikishwa kuwafundisha wavuvi kwamba kuharibu mwamba ni israfu, na wapo waliosikiliza neno la sheikh baada ya kupuuza sheria ya serikali. Kwa nini Kilwa, Mchinga na Lindi misikiti isifanye vile? Kupanda mlilana hakuhitaji mfadhili, ingawa kunahitaji mtu wa kuulinda miaka ya mwanzo.

Makaburi

Narudi kwa ami. Kikao cha ukoo kilikaa Mbagala mara mbili. Watoto wake wanataka kumjengea nyumba ya tofali upande wa juu, karibu na barabara. Akakataa, na sababu yake haikuwa nyumba. Alisema, "Nikihama mimi, hawa nawaachia nani?" Akimaanisha waliolala.

Mimi si mufti na sitoi fatwa. Nilikwenda kwa masheikh wawili na wote walinieleza jambo moja ambalo nilikuwa silijui. Katika Uhud, masahaba wawili wa Kiansari, Amr bin Jamuh na Abdallah bin Amr bin Haram, walizikwa kaburi moja. Imam Malik ameipokea katika Muwatta habari kwamba mafuriko yalikuja kulimega kaburi lao, na miaka 46 baada ya Uhud likafukuliwa ili wahamishwe. Masheikh wakaniambia asili ni maiti kuachwa alipo, lakini maji yakiliendea kaburi, kwa wanazuoni wengi hiyo ni dharura inayoruhusu kuhamisha kwa heshima. Mmoja akaongeza kwamba tusisubiri mpaka mifupa ionekane ufukoni.

Nilimweleza ami. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza miaka mingapi, nikamwambia 46. Akasema babu ana zaidi ya hiyo.

Hajakubali nyumba. Amekubali vijana wapime tena hatua baada ya bamvua la kusi, na wapande mililana pale ilipokuwa. Kwa makaburi amesema zikibaki hatua kumi tumwite, aje kusimamia mwenyewe, na sanda zinunuliwe Kivinje, si Dar es Salaam. Mara ya mwisho walipopima zilikuwa kumi na mbili na nusu.

Wallahu aalam.